Suti ya Baba, Viatu vya Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo! Saa nne asubuhi Mama Meneja ameteremka mwenyewe hadi masjala, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kazi. Akasimama katikati ya makabati, akapiga chafya mbili kwa vumbi la mafaili, akasema miezi mitatu ya majaribio inaisha Ijumaa. Kati yetu wawili, mmoja ataajiriwa na kupandishwa juu, kaunta ya mapokezi, karibu na dirisha na feni. Mwingine atashukuriwa.

Atashukuriwa! Nalijua neno hilo. Ukishashukuriwa na ofisi ya bima, Jumatatu inayofuata unaamka kwenye kochi la dada yako huna pa kwenda. Mimi nalala kwenye kochi hilo tayari, lakini kwa sasa nina pa kwenda.

Wawili wenyewe ni mimi na Mnyoofu. Jina hilo nimempa mimi, humu humu kwenye shajara, kwa sababu ya mkunjo wa suruali yake, umenyooka kama mstari wa daftari. Ana suruali mbili na mashati matatu tu, na bado kila siku anaingia kama katoka dukani sasa hivi. Shati langu likitoka kwenye pasi hadi kufika ofisini linakuwa kama limetafunwa na ng'ombe. Sijui kosa langu ni nini.

Mama Meneja alisema anatafuta mtu anayeweza kukaa mbele ya mteja. Mnyoofu akayaandika maneno hayo kwenye kijitabu. Mimi sikuandika, kwa sababu nilielewa. Mteja akija kaunta anaona nini? Kola, tai na kifua. Mambo ni mavazi!

Suti ninayo. Hapo ndipo msiba ulipo. Ni ya Baba. Alinikabidhi siku nilipopata kazi, kwa mikono miwili, kama anayenipa mtoto mchanga. Ameivaa ukarani wa mahakama miaka ishirini na minane. Bluu iliyokolea, kitambaa kizito, kola pana. Kifungo kimoja cha mkono wa kushoto ni cha kahawia, na wenzake wote ni weusi. Mfuko wa ndani uliwahi kutoboka, Mama akaushona kwa uzi mwekundu kwa sababu ndio uliokuwapo. Imenikaa barabara, hilo sikatai, maana mabega ya Baba na yangu ni yale yale. Aliponipa akasema suti huchaguliwa kwa mabega na kiatu kwa mguu, mengine yote ni kelele. Lakini suti ya mzee ni suti ya mzee. Nitaajiriwaje nikiwa nimevaa uzee wa mtu mwingine?

Saa kumi na moja nikaenda kwa Fundi Futi, nyuma ya ofisi, yule ambaye futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akila. Ukutani alikuwa na suti ya kijivu inayong'aa. Ukiisogeza inageuka zambarau! Fundi akaikagua suti ya Baba, akapapasa bitana, akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Wajinga huuliza sana. Nikamwambia tubadilishane, yako kwa yangu, tusidaiane. Alikubali upesi mno hadi nikajiona mjanja.

Dada akaitazama hiyo ya kijivu, akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akasema ndiyo, na wengine wana upara.

Jumanne, tarehe 4

Suti inabana makalioni. Kuchuchumaa haiwezekani. Kupiga goti ni hatari. Nusu ya kazi ya masjala iko kwenye rafu za chini, kwa hiyo nusu hiyo nimemwachia Mnyoofu. Faili moja la jalada la kijani lilipaswa kurudi rafu ya mwisho kabisa, nikalitupia kwa mbali. Lilipita juu ya mengine likaangukia nyuma, ukutani. Nitalitoa siku nyingine.

Halafu taa! Kwa Fundi suti ilikuwa ya kijivu yenye zambarau. Chini ya taa ndefu za ofisi ni ya kijani! Mlinzi wa mlangoni akaniuliza harusi iko wapi. Mhasibu, mwanamke mwenye ulimi mkali, akasema ninamkumbusha inzi fulani. Mama Meneja alinipita ngazini, akafumba jicho moja kama aliyemulikwa na tochi. Vizuri. Maana yake ameniona.

Viatu sasa. Suti kama hii haivaliwi na viatu vyangu vya shule. Saa ya chakula nikakimbilia kwa muuza viatu. Nikaviona papo hapo: vyeusi, ngozi tupu, ncha imechongoka kama penseli. Jozi iliyobaki ilikuwa namba arobaini na moja. Mimi navaa arobaini na tatu. Muuzaji akaniapia kwamba ngozi ni kama mama mkwe, mwanzoni inabana, halafu mnazoeana. Nikavichukua. Kufika saa tisa vidole nilikuwa sivihisi. Kufika saa kumi nilikuwa navihisi kimoja kimoja, kwa majina. Na vinalia! Kila hatua, kwii, kwii. Watu wanajua ninakokwenda kabla sijaamua.

Mnyoofu akaniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, suti yangu nimeipata wapi, maana naye anataka kujitengeneza kidogo kwa ajili ya Ijumaa. Hapo akili ikafanya kazi. Nikamsifia Fundi Futi hadi koo likakauka. Kisha nikatangulia kwa mlango wa nyuma, kwii kwii, nikamwomba Fundi kwamba akija kijana mrefu mwenye suruali iliyonyooka, ampe kitu cha kizamani kuliko vyote alivyonavyo dukani. Kuliko vyote! Fundi akasema kipo, tena kimefika jana tu. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Dawa ya viatu nimeipata kwa mlinzi, ambaye shemeji yake aliwahi kujaribu. Unajaza maji kwenye mifuko ya plastiki, unaitia viatuni, unaweka viatu kwenye friza. Maji yakiganda yanatanuka, na ngozi inatii. Sayansi! Friza ya Dada ina samaki. Nimewasogeza.

Jumatano, tarehe 5

Mfuko mmoja ulipasuka. Kiatu cha kulia kimeganda pamoja na samaki watatu wa Dada, vikawa kitu kimoja. Saa kumi na mbili asubuhi Dada alifungua friza, akakuta ncha ya kiatu inamtazama. Aliyoyasema sitayaandika, huenda shajara hii ikaja kusomwa na wajukuu. Nilivitenganisha kwa maji ya moto. Samaki walitoka salama. Kiatu kilitoka kimeachia gundi, soli imefunguka mbele kama mdomo wa mtu anayetaka kuuliza swali. Nimeifunga kwa mpira mweusi wa kufungia mafaili. Nikisimama tuli hauonekani.

Na bado vinabana! Vilichopata tu ni harufu. Paka wa kantini alinifuata hadi masjala akakaa chini ya meza yangu siku nzima, mtulivu kuliko wafanyakazi wengi. Mhasibu akasema hatimaye nimepata mteja.

Saa mbili na nusu akaingia Mnyoofu.

Sijui niandikeje. Suti! Bluu iliyokolea, kitambaa kizito kinachoshuka chenyewe bila kusukumwa. Kola pana, ya mtu aliyetulia. Mlinzi alisimama, mlinzi ambaye hata kwa Mama Meneja hainuki. Mhasibu akamwita mheshimiwa. Wateja wawili walimfuata kwenye ngazi wakidhani ndiye mwenye ofisi, na yeye akawasaidia! Mimi nilimtuma akapewe kichekesho, Fundi kamvika heshima. Msaliti yule! Nilikwenda chooni nikakaa juu ya kifuniko dakika kumi, nikiwa nimevua viatu, nikijiuliza kwa nini kila shimo ninalochimba lina jina langu.

Lakini sikukata tamaa. Nikamzunguka nikijifanya natafuta faili, nikamchunguza pindo kwa pindo. Nikaona! Mkono wa kushoto, kifungo kimoja ni cha kahawia. Kimoja tu, wenzake weusi. Bila shaka ndio mtindo wa sasa. Watu wakubwa hawapendi vitu vyao vifanane vyote. Nina hakika nimewahi kukiona kitu kama hicho mahali, sikumbuki wapi. Labda gazetini.

Dada ana sweta lenye vifungo vya kahawia. Vitano. Hawezi kuvihesabu kila siku.

Alhamisi, tarehe 6

Nilikishona kifungo mwenyewe kabla ya chai. Mhasibu alikiona mara moja. Akaniambia pole kwa kupoteza kifungo, na kwamba nimeweka cha sweta la kike. Mtu wa hesabu atajua nini kuhusu mitindo?

Saa tano akaja mama mmoja mtu mzima, ameshika mfuko uliojaa karatasi. Mume wake amefariki tangu mwaka jana, na wiki hii dai lake lilikuwa lilipwe, ila faili halionekani. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja tangu Jumanne. Mama Meneja akateremka naye hadi kwetu, akauliza nani anajua lilipo. Jalada la kijani, akasema yule mama. Aliwahi kuliona kwa macho yake.

Nilijua lilipo. Niandike ukweli humu ndani, maana nje sitausema. Lilikuwa nyuma ya rafu ya mwisho, ukutani, nilikolitupia Jumanne. Nikatazama suruali yangu. Nikatazama viatu. Yule mama akanitazama mimi. Nikafungua mdomo, nikasema kwa sauti ya mtu wa kaunta kwamba tutalishughulikia, aache namba ya simu.

Mnyoofu alivua koti, akalitundika kwenye kiti changu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akapiga magoti sakafuni na suruali ile ile nzuri, akaingia chini ya rafu hadi viatu vyake tu vikabaki nje. Soli zimeisha, viatu vya zamani vya kamba, lakini vimepigwa rangi. Alichukua kama dakika ishirini. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani na faili mkononi. Yule mama akalia. Mama Meneja akampa leso yake.

Mengi ya hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi nilikuwa natazama koti kwenye kiti changu. Lilikuwa limefunguka. Mfuko wa ndani ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Nilikaa. Mshono wa nyuma wa suruali ukapasuka, na sikujali. Nilimwambia Fundi ampe kitu cha kizamani kuliko vyote, na Fundi ni mtu mwaminifu.

Saa kumi na mbili jioni Baba alipiga simu. Anakuja Jumamosi, saa nane mchana! Anataka kuniona ndani ya suti, tupige picha. Ataleta na ile aliyopigwa yeye siku alipothibitishwa kazini, ili tuziweke pamoja. Akaniuliza kama kile kifungo cha kahawia bado kinashika. Nikasema kinashika. Akacheka. Kumbe asubuhi ya siku ile kifungo cha mkono kilikuwa kimedondoka njiani, na Mama alikata cha gauni lake jipya, gauni la pekee alilokuwa nalo, akakishona wamesimama mlangoni pa mahakama. Hakuwahi kutaka kukibadilisha. Akasema kila alipochoka na kazi alikuwa akikishika kwa kidole.

Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana. Nimelia kwenye kochi na Dada amejifanya anaosha vyombo.

Ijumaa, tarehe 7

Mnyoofu. Nani mwingine?

Mama Meneja aliniita ofisini kwake saa tatu. Niliingia nikiubana mgongo ukutani kidogo, kwa sababu ya ule mshono, ambao nimeubana kwa pini nne. Sikushukuriwa! Masjala haiwezi kubaki tupu, kwa hiyo nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi mmoja. Nilitaka kumpigia magoti lakini zile pini hazikuniruhusu. Nadhani aliliona hilo, maana alisema, kijana, kilichokushinda ni goti moja tu. Halafu akanitaka nifungue dirisha wakati wa kutoka, kuna harufu ya samaki.

Goti. Nitalifikiria. Huwa wanasema mambo kwa mafumbo hawa wakubwa.

Nilimkuta Mnyoofu kwenye korido akipongezwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba suti yake ina kunguni, anirudishie. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikamwambia ukweli wote, sijui ulitokea wapi, kuanzia Baba hadi uzi mwekundu hadi Jumamosi saa nane. Sauti ikanikatika mbele ya mhasibu. Mnyoofu alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, hata nilipofika kwenye samaki. Akasema, "Ndugu yangu, mbona hukusema mapema?" Akaingia chooni, akatoka na suruali yake ya zamani, suti ameikunja vizuri ndani ya karatasi ya khaki, na magoti ya suruali ameshayapangusa vumbi. Nikampa hii yangu inayong'aa kama fidia. Akaitazama, akasema hapana, asante, familia yake ina shida za kutosha tayari.

Nilimchukia dakika moja nzima. Halafu nikashindwa.

Mhasibu hakusema chochote. Jambo hilo limenitisha kuliko yote ya wiki hii.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeamka mtu mpya. Saa moja asubuhi niliivaa suti ya Baba mbele ya kioo cha Dada. Mabega yakakaa mahali pake. Nikavaa na viatu vyangu vya shule, miguu ikanishukuru kwa sauti. Kioo kilinionyesha Baba, ila bila mvi. Dada akaja nyuma yangu, akanikung'uta bega ingawa halikuwa na kitu, akasema sasa nimefanana na mtu. Akajifuta jicho akaenda kupika.

Mambo yalikuwa yamenyooka. Lakini nilipokaa na chai nikaanza kuwaza, na mimi nikiwaza hakuna wa kunizuia. Mnyoofu alishinda kwa nini? Alivaa suti hii Jumatano, Mama Meneja hakusema kitu. Alhamisi saa tano alipata kazi. Kwa nini Alhamisi saa tano? Alikuwa amevaaje Alhamisi saa tano?

Alikuwa amevua koti!

Nilisimama chai ikamwagika. Mikono! Kilichokuwa kinatuponza sote ni mikono ya koti! Mama Meneja anataka mtu ambaye mikono yake iko tayari. Kifua nadhifu, mikono huru. Kwa neno moja: kizibao. Nina mwezi mmoja. Nitaingia Jumatatu na kizibao cha bluu iliyokolea, kitambaa kizito, kitu ambacho hata Mnyoofu hana. Na Baba ataiona suti yake imezaliwa upya!

Saa nne nilikuwa kwa Fundi Futi. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Safari hii aliuliza na mara ya nne, na akaweka mkasi chini. Akasema kitambaa hiki hakitengenezwi tena popote. Nikamwambia ndiyo maana. Nikaushika mkasi nikamrudishia mkononi mwenyewe. Alikata huku ametazama pembeni. Mikono ilitoka kwanza, kisha kola, maana kizibao hakina kola, na bitana ya ndani ikaondoka na mfuko wake. Kwa mshono hakutaka malipo. Akaivua futi shingoni akalifunga duka. Sijawahi kumwona bila futi.

Sasa ni saa nane kasoro dakika tano. Kizibao nimekivaa. Kinapwaya kidogo kwapani, kitalegea, au kitakaza, moja kati ya hayo. Nimevaa tena vile vya ncha, maana kizibao kinadai viatu vya adabu. Dada amekuta mfuko wa plastiki mezani akadhani ni nyama. Ameufungua, ametoa mkono mmoja wa koti, amekaa nao chini sakafuni. Nimemweleza nadharia ya mikono kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anaupapasa tu uzi wa pindo la mkono huo.

Namsikia Baba nje, anamuuliza jirani kama hapa ndipo anapokaa kijana wake wa ofisini. Sauti yake ina furaha. Namsikia akionyesha watu ile picha.

Sijakisahau kifungo cha kahawia, mimi si mtu asiye na moyo. Nimekikata kwenye mkono wa koti na kukishona hapa kifuani, katikati kabisa, ili akiinua macho akione kwanza. Anagonga. Nina hakika atafurahi.